Amri ya vita inaisha lini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Makobola



Leo nataka tuongee juu ya unga. Sisi tuliokimbia hapa mwisho wa 1998 tukavuka ziwa, tunajua maana ya kupimiwa chakula. Tuliporudi, wamama wengi walianza na beseni moja ya unga ya muhogo, ao ndagala kidogo. Biashara hiyo njo inasomesha watoto. Lakini vita ikikaribia, amri mpya zinatokea: pitia hapa, lipa pale, ni kwa muda tu.

Mambo haya si ya leo. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, Wabelgiji waliongeza kazi ya lazima vijijini toka siku 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mwaka ule ule, huko Kenya, serikali ya Waingereza ilishika biashara ya mahindi. Walisema wanapanga chakula vizuri. Mahindi hayakutoka wilaya moja kwenda ingine bila karatasi ya ruhusa. Mzungu mwenye shamba alilipwa bei kubwa kuliko mkulima mweusi. Wafanyabiashara wakubwa walinunua kwa jina la serikali; mama mwenye debe moja akaitwa mtu wa magendo. Na mwaka 1943 njaa iliingia vilevile.

Sasa sikieni. Vita iliisha 1945. Vizuizi vya kusafirisha mahindi viliendelea, kwa namna moja ao ingine, mpaka 1993. Karibu miaka 50!

Sisemi serikali isipange chakula wakati wa vita. Barabara ikifungwa, lazima mtu apange. Lakini amri isiyo na tarehe ya mwisho inageuka mshahara wa mtu.

Njo maana naomba mambo matatu. Amri mpya ikitoka, tuulize: imeandikwa wapi, inaisha lini? Tukilipa, tuombe karatasi yenye muhuri. Na wamama wasisafiri tena mmoja mmoja na mizigo yao. Mama akiwa peke yake anaogopa kuuliza. Wakiwa 20 na wote wanauliza swali moja, yule wa kizuizini atatafuta jibu.

Daftari ya kuandika malipo yote niko nayo hapa. Mwenye alitoka sokoni jana, aanze yeye.