Bei ya Mkonge na Nafasi ya Chuo Kikuu

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kwedizinga, Handeni)



Leo tuzungumze juu ya chuo kikuu. Msicheke. Wengine mtasema, sisi tumejua kusoma juzi tu, chuo kikuu kinatuhusu nini? Kinatuhusu, maana sisi ndio tunaokilipia.

Tuanze na pato la taifa. Hiyo ni thamani ya vitu na kazi zote ambazo watu wa nchi wanazalisha kwa mwaka. Gunia la mahindi la Kwedizinga limo. Machungwa ya Handeni yamo, dhahabu ya Geita imo, hata nauli ya basi la Tanga imo. Serikali hukata kodi humo, na kodi hiyo ndiyo inayojenga vyuo na kulipa walimu wake. Pato likiwa dogo, kodi ni ndogo, na nafasi za chuo ni chache.

Tutazame ya kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa kwanza, wote wa sheria, hawakufika 20. Wakati ule zao lililotuletea fedha nyingi za kigeni kuliko yote lilikuwa mkonge. Wazee wa Korogwe wanayakumbuka mashamba ya Ngombezi, Magunga na Hale. Wakata mkonge wengi hawakujua hata kuandika majina yao, lakini jasho lao liliingia katika mfuko uliosomesha wanasheria na madaktari.

Halafu nchi za viwanda zikatengeneza kamba za nailoni na plastiki. Tangu katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ikaporomoka. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Kufikia 1990 hazikufika 40,000. Tena mafuta yakapanda bei, na mwaka 1978 vikaja vita vya Kagera. Mfuko ukawa mwepesi.

Serikali ikabidi ichague. Ikatanguliza Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, pamoja na kisomo cha watu wazima. Sisi tunaona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini ulikuwa na uchungu wake: mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba, hawakufika 10 waliopata sekondari ya serikali. Wachache mno wakafika chuo kikuu. Hao walisoma bure, wakala bure, wakalala bure. Bure kwao, jamani, si bure kwa mkulima.

Miaka ya 1990 wazazi wakaambiwa wachangie gharama za chuo. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi 2005. Mwaka 2021/22 fungu la mikopo lilikuwa shilingi bilioni 570. Ni fedha nyingi, lakini waombaji nao ni wengi, na wapo wanaopewa pungufu ya mahitaji yao.

Julai 2020 Benki ya Dunia ilisema Tanzania imeingia katika nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Walikadiria dola 1,080 kwa kila mtu kwa mwaka 2019. Eti kila mtu! Hiyo ni hesabu ya kugawa tu. Mtu ana mbuzi 9, jirani yake ana mmoja. Ukigawa, kila mmoja ana mbuzi 5. Haya, nenda zizini kwa yule jirani ukawahesabu.

Na chuo ni hivyo hivyo. Ujerumani, katika vijana 100, zaidi ya nusu wanaingia elimu ya juu. Kwetu hawafiki 10. Na hao wachache wanatoka wapi? Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016, na ya kidato cha tano na sita 2022. Zimebaki sare, godoro, nauli na michango. Halafu zinakuja karatasi. Mwombaji wa mkopo anatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa cheti cha kifo. Fomu inajazwa kwa mtandao, inapigwa muhuri wa serikali ya kijiji, na ina tarehe ya mwisho. Hapo ndipo mtoto wa Kwedizinga anapoachwa na mtoto wa mjini mwenye alama zile zile.

Wazazi wengine wanauogopa mkopo. Mwenye deni ni mwanafunzi mwenyewe. Akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mdhamini naye hutia sahihi, basi asiisomewe fomu na mtu mwingine. Aisome mwenyewe mpaka chini, ndipo aandike jina lake.

Mwenye mtoto kidato cha kwanza asingoje cha sita. Akatafute cheti cha kuzaliwa mwaka huu, kabla ya kilimo, na kwenye cheti jina liandikwe kama lilivyo shuleni, herufi kwa herufi.