Afua za Mapema kwa Watoto Wadogo Wenye Ulemavu wa Ukuaji: Hirbadaw na Maeneo Jirani ya Hanang na Mbulu

Afua za mapema ni msaada anaopewa mtoto mwenye dalili za ulemavu wa ukuaji, pamoja na wazazi wake, katika miaka ambayo ubongo ungali unajijenga, hasa mitatu ya kwanza. Ulemavu huo ni kama utindio wa ubongo, ulemavu wa akili, usonji na uziwi. Kifafa nacho huambatana nao mara nyingi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalihesabu watoto milioni 52.9 wa chini ya miaka mitano duniani wenye hali za aina hii, asilimia 95 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Miongozo ya kitaifa Tanzania ipo. Ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na ipo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya 2021/22 hadi 2025/26. Takwimu ndizo zinazopwaya. Sensa ya mwaka 2022 ilitoa asilimia 11.2 ya watu wenye ulemavu, lakini ni ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Utafiti wa mwaka 2008, uliotoa asilimia 7.8, nao ulianzia umri huohuo. Mtoto wa kata ya Hirbadaw, wilayani Hanang, mwenye miezi kumi ambaye hajaweza kukaa hayumo katika asilimia yoyote inayosomwa kwenye kikao cha bajeti.

Mtoto huyo anajulikana mapema na watu wa afya, kisha anapotea mikononi mwao. Hapo ndipo afua nyingi zinapofia.

Mahali pa kwanza pa kumjua ni wodi ya wazazi. Mtoto aliyechelewa kulia na kusaidiwa kupumua huandikwa siku hiyohiyo. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyoanza mwaka 1955 na kutegemewa na Mbulu na Hanang, imekuwa kitovu cha kazi kubwa ya kuwaokoa watoto hawa. Mpango wa uzazi salama ulioongozwa kutoka huko ulifika vituo 30 katika mikoa mitano, Manyara ikiwemo. Vifo vilipungua. Swali ambalo vikao huliahirisha ni nani anamfuatilia aliyepona. Taarifa ya kusaidiwa kupumua inapobaki kwenye rejesta ya wodi bila kuhamia kwenye kadi ya kliniki, muuguzi wa zahanati hana namna ya kujua kwamba mtoto aliye mbele yake yuko hatarini. Hali ni hiyohiyo kwa aliyepata manjano makali, homa ya uti wa mgongo au malaria ya kichwani.

Mahali pa pili ni kliniki. Mtoto hufika kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, karibu watoto wote huwa wanakaa bila kushikwa wanapofikisha miezi tisa na kidogo, na wanatembea wenyewe kufikia miezi 18. Ratiba ya chanjo ya surua na rubela imeangukia palepale panapohitajika kuuliza. Hata hivyo kinachopewa nafasi ni mzani. Mtoto mnene asiyeweza kukaa huning'inizwa, hupimwa, huchomwa sindano, na mama huambiwa anaendelea vizuri.

Anayegunduliwa hupewa rufaa, na hapo upotevu huwa mkubwa zaidi. Rejesta huhesabu rufaa zilizoandikwa. Zilizofika hazihesabiwi, kwa hiyo taarifa ya robo mwaka hupendeza. Kwa mama wa kitongoji cha mbali, karatasi hiyo ni nauli, siku nzima ya kazi, watoto wengine wa kuachiwa jirani, na ruhusa ya mume ambaye huenda amehamia na ng'ombe malishoni. Akifika hueleweshwa kwa Kiswahili, ilhali bibi atakayebaki na mtoto nyumbani anajua Kidatoga au Kiiraqw tu. Tiba ya viungo nayo ni kazi ya kila siku kwa miezi mingi. Safari moja haitoshi. Ushauri wa wazee kwamba mtoto asubiriwe si wa kupuuzwa, maana wapo wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao. Kosa ni kusubiri bila kuweka mwezi wa mwisho.

Sehemu kubwa ya msaada inaweza kutolewa nyumbani. Mtoto mwenye utindio wa ubongo akilishwa amelala chali, chakula huweza kuingia njia ya hewa na kumletea nimonia. Kumkalisha wima, shingo ikiegemezwa, ni somo la mchana mmoja. Kiti cha kona chenye mkanda hutengenezwa na fundi seremala wa kijijini. Nchini Uganda, watafiti wa mradi wa ABAaNA wamejaribu mafunzo ya vikundi vya wazazi wa watoto wa chini ya miaka miwili, na mzazi mwenye mtoto kama huyo akiwa mmoja wa wawezeshaji.

Inapendekezwa, kwanza, taarifa ya kusaidiwa kupumua, manjano makali au homa ya uti wa mgongo iandikwe kwenye kadi ya mtoto kabla ya kuruhusiwa. Chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18 isitolewe bila mama kuulizwa kama mtoto anakaa, anageukia sauti, anatembea. Jibu liandikwe kando ya uzito. Rejesta za zahanati ziwe na safu ya rufaa iliyofika, na taarifa ya robo mwaka isipokelewe bila safu hiyo.

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 umelenga wahudumu 137,294, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Mafunzo yao katika Hanang na Mbulu yaingize hatua za ukuaji, ulishaji salama na mazoezi ya nyumbani, na uteuzi wao uzingatie lugha ya kaya watakazozihudumia. Mtaalamu wa tiba ya viungo aongozane na kliniki tembezi badala ya kungojewa hospitalini. Vikundi vya wazazi vianzishwe, akina baba wakialikwa. Rufaa ibaki kwa wanaohitaji upasuaji, dawa za kifafa au vipimo vya masikio na macho, na nauli yao itengewe fungu na halmashauri.

Kuandika kwenye kadi na kuuliza maswali ya miezi 9 na 18 hakungoji fungu wala waraka mpya. Waganga wafawidhi wanaombwa kuanza na hayo katika kliniki ijayo.