Motokaa Inapolia: Namna ya Kutambua Kilichoharibika



Wako watu wengi ambao, wasikiapo mlio wasioujua ndani ya motokaa, huongeza sauti ya redio. Wengine hushikwa na hofu wakasimama papo hapo, hata katikati ya barabara. Wote hao hufanya kosa moja, yaani kupima ubaya wa mlio kwa ukubwa wake.

Mlio mkubwa si lazima uwe mbaya. Katika barabara za murram kijiwe kidogo huweza kurushwa kikakwama kati ya sahani ya breki na bati jembamba lililo nyuma yake. Hapo husikika sauti ya chuma kinachokatwa kwa msumeno, na abiria huziba masikio. Walakini mara nyingi dereva akirudi nyuma hatua chache, kisha akaenda mbele polepole, kijiwe huanguka na safari huendelea. Kinyume chake ni beringi ya gurudumu iliyoanza kuchakaa. Hiyo huvuma kwa upole kama nyuki walio mbali, na mwenye motokaa huweza kwenda nayo miezi mingi akidhani ni tairi zinazovuma juu ya lami. Ikiachwa hata ikasagika, gurudumu hulegea, na mwisho wake laweza kuchomoka katika mwendo.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza ni hili: mlio huo husikika wakati gani? Motokaa isimamishwe mahali pa tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na gia imetolewa, kisha injini iongezwe moto kidogo. Mlio ukipanda na kushuka pamoja na injini, ugonjwa umo chini ya boneti. Ikiwa hapo pana kimya, na mlio huja tu motokaa inapokwenda na kuzidi kadiri ya mwendo, basi dereva atazame magurudumu na vyote vinavyoyazungusha. Jaribio hili halihitaji hata spana moja, nalo huokoa fedha nyingi.

Chini ya boneti, mlio unaojulikana zaidi ni ule mwembamba unaosikika asubuhi ya baridi, kama zile za mwezi wa Julai huko Limuru, kisha ukapotea injini ipatapo joto. Aghalabu huo ni mkanda uliolegea au uliochakaa. Mkanda huo huzungusha kinachochaji betri, na katika motokaa nyingi huzungusha pampu ya maji pia, hivyo ukikatika njiani maji yatachemka. Uangaliwe injini ikiwa imezimwa. Mwenye tai shingoni na aivue kwanza.

Lakini injini ikigonga kwa sauti nzito, na taa nyekundu ya oili ikawaka, hapo hapana majadiliano. Dereva atoke barabarani na kuzima injini mara moja, asiseme, “Nitafika pale senta tu.” Vyuma vinavyozunguka bila oili huharibika kwa muda mfupi mno, na injini iliyokufa hivyo huwa na bei ya kumfilisi mtu. Baada ya dakika chache avute kijiti cha oili na kutazama.

Mlio wa ta-ta-ta unaosikika motokaa inapopinda sana, hasa katika zile zinazovutwa na magurudumu ya mbele, hutoka kwenye kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu. Kiungo hicho kimevikwa mpira wenye mikunjo, uliojaa grisi. Mpira ukipasuka, grisi hutoka na vumbi la murram huingia. Motokaa nyingi nchini Kenya zililetwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika miaka kadhaa, na mpira wa miaka mingi hupasuka bila kumwarifu mtu. Kuubadilisha mapema ni rahisi kuliko kununua kiungo kizima. Kugongagonga juu ya matuta ni kwa bushi na shoki, jambo la kutengenezwa, ila si la kumnyima mtu usingizi. Ekzosi iliyotoboka hunguruma, na watu huicheka. Afadhali wasiicheke, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na ikipenya ndani ya motokaa iliyofungwa vioo huweza kuua.

Sasa breki. Kukwaruza kidogo asubuhi baada ya mvua si kitu. Ni kutu juu ya sahani, nayo hutoka baada ya kukanyaga breki mara chache. Lakini katika padi nyingi za breki kumetiwa kiulimi cha chuma, makusudi kipige kelele padi zinapobaki na unene wa milimita 2 au 3 hivi. Kelele hiyo ni onyo lililowekwa na watengenezaji wenyewe. Dereva asiyelijali husikia baadaye sauti nyingine, nzito, ya chuma kusaga chuma. Hapo padi zimekwisha kabisa, sahani inaliwa, na motokaa haisimami pale inapotakiwa.

Na achukuliwe mfano wa dereva wa pikapu anayetoka Limuru na mzigo kwenda Narok. Mbele yake uko mteremko mrefu wa Mai Mahiu. Akishuka katika gia kubwa huku mguu haubanduki kwenye breki, breki hupata moto, harufu ya kuungua huingia ndani, na maji ya breki yaweza kuchemka. Yakichemka hufanya mapovu, na pedali huzama hata chini bila kushika. Hata breki nzima hushindwa hivyo. Breki iliyokuwa ikilia tangu juma lililopita itashindwa mapema zaidi. Ni lazima aingie gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini isaidie kuzuia mzigo. Na kama breki inalia, asishuke.

Afikapo kwa fundi, mwenye motokaa aeleze mlio, asitaje dawa. Akisema, “Fundi, nataka beringi mpya,” atawekewa beringi mpya, na huenda mlio ukabaki pale pale. Afadhali aseme, “Fundi, inavuma nikipita mwendo wa 60. Nikikanyaga klachi haibadiliki. Nikikata kulia mvumo huzidi, nikikata kushoto hupungua.” Fundi mzuri atatambua kwamba motokaa ikipinda kulia uzito huegemea upande wa kushoto, naye ataanza kutazama gurudumu la kushoto. Kisha waende pamoja barabarani, fundi asikie kwa masikio yake. Kazi ikiisha, mwenye motokaa aombe vyuma vya zamani avitazame. Fundi mwaminifu hachukizwi na ombi hilo.

Na ikiwa gurudumu lilifunguliwa, nati zake zikazwe tena baada ya kwenda kilomita 50 hadi 100. Nati zilizolegea hugonga pia, kwanza polepole, motokaa inapoanza tu kuondoka.