UHURU WA MAONI SI RUHUSA YA KUMTANGAZA MTU



Haya ndiyo tuliyosema kwenye kikao cha tawi. Tunayatuma hapa kwa ajili ya mliokuwa ziwani na mashambani.

Kwenye kundi letu imezunguka picha ya kijana wa mwambao huu, pamoja na maneno kwamba ni shoga, "ashughulikiwe". Tumeifuta. Baadhi yenu mmeuliza: kwani hatuna uhuru wa maoni?

Tunao. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake. Ukisema mapenzi ya jinsia moja ni kinyume cha imani yako, tawi halitakuziba mdomo. Anayeona tofauti naye asizibwe. Sisi wanasiasa tunajua ubaya wa kuzibwa.

Lakini kuweka picha ya mtu na kuwaita watu wamshughulikie si maoni. Ibara ya 16 inalinda faragha yake. Ibara ya 30 inasema uhuru wa mmoja usivunje haki za wengine. Ni kweli, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya tendo hilo kosa, tena zito. Ndiyo maana anayehukumu ni mahakama, si kundi la simu.

Oktoba 2018, Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wampelekee majina. Novemba, Serikali ikatamka kuwa huo ni mtazamo wake, si msimamo wa Serikali.

Uganda nako, mwaka 2010, gazeti la Rolling Stone la Kampala lilichapa majina na picha, likaandika wanyongwe. Mahakama Kuu ikalizuia, ikisema shauri lile lilihusu haki za kila mtu. Wiki chache baadaye, Januari 2011, David Kato, mmoja wa waliolishtaki, aliuawa nyumbani kwake.

Huku kwetu, linalosemwa Mbamba Bay asubuhi, jioni limefika Liuli na Mbinga mjini. Kijana yule atajificha wapi?

Kwa hiyo tunaagiza:

1. Mwenye picha ile aifute, asiisambaze.
2. Mwenye ushahidi wa kosa, hasa la kumdhuru mtoto, aende polisi.
3. Mjadala wa hoja uendelee, bila kumtaja mtu.



Uongozi wa Tawi