Kabla ya Kumshuku Mweka Hazina, Chunguza Swali

(Mazungumzo kwa makarani na waweka hazina wa vikundi vya akiba)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya kumsaidia mwenzako wakati kompyuta inapompa jibu lisiloeleweka. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Kikundi kimoja nilichokuwa nikisaidia kilikuwa kimehamisha hesabu zake kutoka vitabuni hadi kwenye hifadhidata, yaani majedwali ndani ya kompyuta: moja la wanachama, moja la michango, moja la mikopo. Ukitaka kujua jambo unaiuliza kompyuta kwa lugha ya SQL, ambayo ilianza katika kampuni ya IBM miaka ya 1970. Maswali yanayorudiwa kila mwezi huandikwa mara moja, yakapewa jina na kuwekwa humo humo. Huo huitwa utaratibu uliohifadhiwa, ama prosija. Mwisho wa mwezi karani anaita jina tu, ripoti inatoka.

Basi mwezi mmoja ripoti ikasema michango ni mingi kuliko pesa zinazopaswa kuwa benki. Mnajua wenyewe watu walisema nini. Mama mweka hazina, aliyelinda pesa hizo kwa miaka mingi, akaanza kutazamwa kwa jicho baya. Hata salamu zikapungua. Akaniita akasema, "Mwanangu, mimi sijala pesa ya mtu."

Nilifika, nikamwambia karani anipishe, nikashika kompyuta mwenyewe. Nikaona mistari inajirudia. Kwa haraka nikaongeza neno DISTINCT kwenye jumla, neno linaloiambia kompyuta isihesabu kiasi kinachofanana zaidi ya mara moja. Jumla ikashuka, nikafurahi. Kumbe sasa ilikuwa chini ya pesa za benki! Nilikuwa nimetoa kosa moja nikaweka lingine.

Aliyetuokoa ni yule karani. Alisema, "Hebu tuchukue mwanachama mmoja tu." Akatoa stakabadhi za mama mmoja: shilingi 500, 500 na 200. Jumla 1,200. Ripoti ya kwanza ilimpa 2,400. Ripoti yangu ilimpa 700. Na mama huyo alikuwa na mikopo 2.

Hapo tukaelewa. Utaratibu ule uliunganisha jedwali la michango na jedwali la mikopo kabla ya kujumlisha. Kila mchango ukashikana na kila mkopo: michango 3 mara mikopo 2 ni mistari 6, kwa hivyo kila mchango ulihesabiwa mara 2. Na lile neno langu likameza shilingi 500 za pili, ambazo ni pesa halali. Kosa lilikuwa limelala humo tangu mwanzo. Liliamka siku wanachama walipoanza kupewa mkopo wa pili.

Dawa ilikuwa nyepesi. Tulijumlisha michango peke yake, mstari mmoja kwa kila mwanachama. Tukajumlisha mikopo vivyo hivyo. Ndipo tukaunganisha. Hesabu ikalingana na benki, na mwenyekiti akamwomba mama radhi mbele ya mkutano.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nikiitwa nafuata mambo haya.

Kwanza, nauliza maswali matatu. Ulitaka kujua nini? Ulitegemea jibu gani? Kompyuta imekujibu nini, neno kwa neno? Mtu akisema "haifanyi kazi" tu, bado hajaniambia kitu.

Pili, tunachukua mtu mmoja na kumhesabia kwa mkono. Kisha tunafungua utaratibu na kuujaribu kipande kimoja kimoja, mpaka tuone ni kipi kinacholeta nambari mbaya.

Tatu, tunafanya majaribio kwenye nakala. Ikibidi kubadili rekodi zenyewe, kwanza tunatazama kwa SELECT mistari itakayoguswa. Halafu tunafungua muamala, ili tukikosea turudi nyuma kwa ROLLBACK kabla ya kuthibitisha.

Nne, mwenye kazi ndiye anayeshika kibodi. Mimi nakaa kando yake. Nikimfanyia kila kitu, mwezi ujao ataniita tena, na siku nisipopatikana kikundi kitakwama.

Tano, tukiomba msaada kwa watu wa nje, hatupeleki majina wala nambari za simu za wanachama. Tunatengeneza mfano mdogo, wanachama 3 wa kubuni na michango yao, unaoonyesha kosa lile lile. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria, mikopo ya jirani si habari ya kutangaza.

Mwisho, tukishamaliza tunaandika ndani ya utaratibu wenyewe: nini kimebadilishwa, kwa nini, na tarehe gani. Aliyeandika ule wa kwanza alikuwa ameondoka bila kuacha hata neno moja la maelezo.

Kwa hivyo ripoti ikikataa kulingana na benki, msianze na mtu. Anzeni na stakabadhi za mwanachama mmoja na lile swali mliloiuliza kompyuta. Wizi unaweza kuwapo, sikatai, lakini jueni kwanza kama hesabu yenyewe ni ya kweli.