Gari Ikitetemeka: Kwanza Kijiti na Maji, Kiisha Kaisi

Maneno ya fundi wa gari ya chama mbele ya memba, Pepa



Komite imeniomba niseme juu ya jambo moja tu: kwa nini gari zetu zinatetemeka sana hapa juu kuanzia mwezi wa 5, mvua ikikatika na baridi ikiingia. Munajua kwa nini wameniomba. Kila mwaka wakati huu kaisi inafunguliwa. Shoferi anasema volani inamtetemesha mikono. Huyu anasema ni rulemani, yule anasema ni rotile. Feza inatumwa Kalemie ao Lubumbashi, kipande kinakuja, kinafungwa, na gari inaendelea kutetemeka vilevile. Feza ile ilikuwa ya mgonjwa, ao ya matanga. Njo maana neno hili si la shoferi peke yake. Ni la kila memba anayetoa mchango.

Wengi wetu tulirudi toka Zambia kuanzia mwaka 2007, kwa meli toka Mpulungu mpaka Moba, kiisha tukapanda mlima kwa kamio. Munakumbuka mwili ulivyosikia. Ziwa Tanganyika iko kwa mita karibu 770 juu ya bahari, na milima ya Marungu inapita mita 2000. Nguo inayotosha Moba haitoshi hapa. Gari nayo inasikia tofauti hiyo. Lakini baridi yenyewe haivunji gari. Majira haya yanaleta mambo matatu madogo, na kila moja iko na alama yake. Halafu kuna la ine, ambalo si dogo hata kidogo. Nitalisema mwisho ili mutoke nalo.

La kwanza ni potopoto. Mwisho wa mvua gari inapita kwenye potopoto mzito, na potopoto ule unajaa ndani ya janti, upande wa nyuma ambako jicho halifiki. Mvua ikikatika, unakauka kama tofali. Shoferi anaosha gari kwa nje, inang'aa, lakini tofali iko ndani. Sasa musikie hesabu. Mpira wa Land Cruiser uko na urefu wa karibu sentimita 80 toka chini mpaka juu. Gari ikikimbia kilometa 60 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara 7 kwa kila sekunde. Nusu kilo ya potopoto iliyoshika upande mmoja wa janti inavuta, kwa mwendo ule, kama mzigo wa kilo 17. Kwa kilometa 30 inavuta kama kilo 4 tu, kwa sababu mwendo ukiwa nusu, nguvu inakuwa robo. Njo maana gari inaenda muzuri kijijini, ikifika mahali njia ni nzuri inaanza kutetemeka. Vile vipande vya risasi wanavyobandika kwenye janti mjini ili kusawazisha gurudumu ni vya gramu kidogo tu. Nusu kilo inavishinda vyote.

Ndugu zetu waliopelekwa Canada na Marekani wanapata jambo hilohilo. Kule ni teluji ndiyo inaingia ndani ya janti na kuganda usiku. Asubuhi gari inatetemeka mpaka mtu anaogopa. Wale wanaojua wanaipeleka mahali pa kuoshea kwa maji ya nguvu, na mtetemo unaisha. Sisi hatuna mashine ya maji. Tuko na kijiti, ndoo mbili, na mtoto asiyeogopa kuingia chini ya gari. Mwagia kwanza, ngoja ilainike, kiisha kwangua. Usipige na nyundo, utapinda janti na kuumiza mpira wa freni. Vijana wa pikipiki, nanyi muangalie katikati ya rayo na chini ya gardabu, halafu mupitishe mkono kwenye rayo zote: inayocheza ikazwe.

La pili ni mipira iliyolala. Gari ikilala na mzigo wa maharagwe ao viazi, sehemu ya mpira inayogusa chini inakuwa bapa. Usiku wa baridi mpira unakuwa mgumu, na ubapa ule hautoki mara moja. Asubuhi gari inagonga: tu, tu, tu. Alama yake ni kwamba inapungua kadiri mpira unavyopata joto, na kiisha kilometa chache inakwisha. Hiyo uiache, haina dawa ya kununua. Ila isipokwisha, simama, angalia kama mpira haukuvimba mahali. Mpira wenye kivimbe utapasuka, hausafiri. Na upepo upimwe asubuhi, mbele ya kutembea, kwa sababu baridi inapunguza nguvu ya upepo: joto likishuka digrii 5 ao 6, unapoteza karibu paundi 1. Usipime saa 8 mchana mpira ukiwa wa moto, halafu ukatoa upepo. Kesho asubuhi utakuwa chini.

La tatu ni moteri. Kama gari inatetemeka ikiwa imesimama, moteri ikiunguruma, usiguse gurudumu hata moja. Moteri ya mazutu inataka joto ili iwake. Kila silinda iko na buji yake ya kupasha joto. Moja ikikufa, silinda ile haiwaki sawasawa asubuhi, moteri inatikisika, moshi mweupe unatoka. Ikipata joto, inatulia. Shoferi angoje taa ile ya buji izimike ndipo awashe. Ikiendelea kila asubuhi, hapo buji zipimwe, na anayefaa kununuliwa ni ile moja iliyokufa, si zote.

Sasa la ine. Ni buloni za gurudumu. Mpira ukitoboka kwenye potopoto, mnabadilisha mbio mbio, mvua inanyesha, watu wanapiga kelele twende. Potopoto unabaki katikati ya janti na ngoma ya freni. Buloni zinakaza potopoto, hazikazi chuma. Gari ikitembea, potopoto unasagika, unatoka, na buloni zinabaki zinacheza. Mtetemo huu hauishi ukipata joto, na kila siku unaongezeka. Ukiangalia karibu na buloni utaona vumbi ya kutu ao chuma inayong'aa. Gari hiyo haiteremki Moba. Munajua watu wanavyokaa juu ya mzigo kwenye mteremko ule, wamama na watoto mgongoni. Gurudumu likitoka pale, hakuna kaisi itakayolipa.

Basi, ninaomba mkutano upitishe mambo haya.

Moja: kila gari inayobeba memba ao mgonjwa wetu, buloni zake zikazwe kabla ya kushuka, kwa kuvuka, moja huku na moja ya kuielekea, si kwa kuzunguka. Ikibadilishwa gurudumu, uso wa janti na wa ngoma upanguswe, na buloni zikazwe tena kiisha kilometa 50.

Mbili: hakuna feza ya kipande itakayotoka mbele ya janti zote kuoshwa kwa ndani na gari kujaribiwa. Ikitetemeka volani, tuangalie mbele. Ikitetemeka kiti, tuangalie nyuma na kardani. Ikitetemeka wakati wa kukanyaga freni tu, tuangalie freni.

Tatu: kama bado, gurudumu liinuliwe kwa kriki, memba wawili wakiwapo. Shika juu na chini, tikisa: likicheza, ni rulemani. Shika kushoto na kuume, tikisa: likicheza upande huo tu, ni rotile. Hapo kaisi ifunguliwe bila maneno, na siku ileile.

Najua kuna atakayesema fundi anataka kubana feza na gari itatuua. Hapana. Kipande kilichokufa kinunuliwe. Ninachokataa ni kununua kwa kubahatisha. Na atakayesema mgonjwa hawezi kungoja, ninamujibu hivi: kukaza buloni za magurudumu ine ni dakika 10, na mgonjwa ndiye wa kwanza anayetaka gari ifike.

Kesho saa 1 asubuhi nitakuwa na gari ya chama pale penye maji. Mashoferi wote waje, na vijana wawili wenye kutaka kujifunza. Kila mmoja alete kijiti chake. Ufunguo wa buloni niko nao.