Yoga huanza na miiko



Siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, wakulima wa mitelemko ya Mlima Meru hushuka na mikungu ya ndizi, na jioni huupanda tena mlima. Mwili wa mkulima huyo haukosi zoezi. Mwenye shida ni mtumishi, naye Tengeru haimkosi, maana hapo ndipo wanapofundishwa maofisa wa maendeleo ya jamii, ambao kazi yao ni kuwaelekeza wengine. Huketi tangu asubuhi, jalada juu ya jalada, hata shingo ikakakamaa na hasira ikawa karibu. Mwananchi aliyekuja na swali dogo hujibiwa kwa ukali. Mtoto aliyekosea hesabu huchapwa kwa machungu yasiyomhusu.

Yoga ingemfaa mtumishi huyo, lakini wengi huiona kuwa sarakasi ya kujikunja. Wengine huihofia kuwa ni dini. Hofu hiyo isidharauliwe, kwani yoga ilikulia ndani ya dini za India. Hata hivyo mtu wa swala au wa misa aweza kujifunza kutawala pumzi yake bila kuiacha ibada yake.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na shina lake lina maana ya kufunga nira. Mwili na nia hufungwa pamoja, vikavuta upande mmoja kama maksai wawili shambani. Uti wa mgongo nao huitwa merudanda, yaani fimbo ya Meru, mlima wa masimulizi ya Kihindi. (Kwa Mlima Meru wa Arusha huko ni kufanana kwa jina tu.)

Patanjali, mtaalamu wa kale wa India, aliipanga yoga katika hatua nane. Mikao ya mwili, inayopigwa picha kila Juni 21 tangu Umoja wa Mataifa ulipoitenga siku hiyo mwaka 2014, ni hatua ya tatu. Ya kwanza ni miiko mitano: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia tamaa na kutolimbikiza mali.

Arusha haihitaji mkalimani wa neno miiko. Azimio la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha, hadi masharti hayo yalipolegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini miiko ya Azimio ilikuwa na chama cha kuisimamia. Miiko ya yoga humwachia mtu ajisimamie mwenyewe, saa ambayo hakuna amwonaye.

Yoga si dawa ya kila ugonjwa, na mwenye shinikizo la damu asiache vidonge vyake. Gharama yake ni mkeka na robo saa ya alfajiri. Mtu huketi, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi polepole. Ugumu huja baadaye kidogo, katika ukimya: hujitokeza wivu kwa mwenzake aliyepandishwa cheo, na posho aliyoitia sahihi kwa safari asiyosafiri. Wengi huachia hapo, wakasema yoga imewashinda kwa sababu ya magoti.